Mdogo Wako Akikuuliza: Mlimani au Mzumbe?

Msimu wa udahili ukifika, simu za wanachuo hazipumziki. Kijana amemaliza kidato cha sita, ana ECA yake au EGM, ameomba vyuo kadhaa, na sasa jina lake limetoka vyuo viwili. TCU wanamtaka athibitishe kimoja kwa namba maalumu ya siri, na dirisha linafungwa baada ya siku chache. Ampigie nani? Mwalimu wake yuko likizo. Baba anasema, "Utakachoona wewe, mwanangu." Basi anakupigia wewe, kwa sababu ukoo mzima unajua uko chuo na kwa hiyo unajua mambo. "Kaka, shikamoo. Nimepata Mlimani na Mzumbe, kote biashara. Nithibitishe wapi?" Na wewe uko kwenye foleni ya chakula, simu ina chaji asilimia nne, unajibu: "Marahaba. Njoo Mlimani bwana, Mzumbe porini kule utafanya nini?"

Naandika kuhusu jibu hilo la sekunde tano. Tunalitoa kirahisi mno, na anayelilipia si sisi. Analilipia yule mtoto, kwa miaka mitatu ya kulala, kula na kupanda daladala, na baadaye kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni la Bodi liishe.

Mimi nasoma hapa hapa Mlimani na sina ugomvi na kilima hiki. Lakini nikiulizwa leo na kijana anayetaka uhasibu, aliyepewa mkopo nusu, asiye na mahali pa kulala Dar es Salaam, namwambia aende Mzumbe, tena bila kumung'unya maneno. Najua wapo watakaosema nimeuza kilima. Wasome kwanza, halafu tukutane kwenye vimbweta tubishane. Na nisieleweke vibaya: nazungumzia biashara tu. Anayetaka uhandisi au jiolojia hana swali hili, na wa sheria ana hesabu zake nyingine.

Tuanze na hilo neno "porini", maana ndilo linalobeba nusu ya hoja zetu. Mzumbe ipo pembeni ya barabara kuu ya Iringa, kilomita ishirini na kitu kutoka Morogoro mjini, chini ya milima ya Uluguru. Ilianza mwaka 1953 ikiwa shule ya kufundisha watu wa serikali za mitaa. Wakati huo Mlimani hapakuwa hata na msingi wa jengo; chuo chetu kilianza 1961 kule mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, ndipo baadaye kikapanda kilimani. Mwaka 1972 ile shule ya Mzumbe iliunganishwa na Taasisi ya Utawala iliyokuwa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikazaliwa IDM. Kwa maneno mengine, kipande cha Mzumbe kilitoka humu humu kwetu. Kitivo chetu cha Biashara na Menejimenti kilianzishwa 1979, kikaja kuwa Shule Kuu ya Biashara, hii tunayoiita UDBS, mwaka 2008. Mzumbe yenyewe ikapewa hadhi ya chuo kikuu 2001. Waulize wahasibu wa zamani wa halmashauri yenu walisoma wapi, utashangaa ni mara ngapi utasikia "IDM". Hata Rais Samia Suluhu Hassan alisoma utawala pale, akamaliza 1986. (Usimdanganye mdogo wako kwamba akienda Mzumbe atakuwa Rais. Kikwete alisoma uchumi hapa Mlimani akamaliza 1975, na hilo halijamsaidia yeyote kati yetu kufaulu takwimu.)

Halafu kuna zile orodha za ubora wa vyuo tunazosambaziana kila zikitoka. Ni kweli, Mlimani huwa juu ya Mzumbe. Lakini orodha hizo hupima chuo kizima, na kipimo chenyewe ni tafiti, machapisho na namna chuo kinavyoonekana mtandaoni. Mtu wa bahari akichapisha utafiti wake kuhusu matumbawe, chuo kinapanda. Mwanafunzi wa BCom hapandi naye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona tunalipuuza kuliko yote. Mtoto akisema "nimepata biashara kote", asilimia kubwa hajapata kitu kimoja. BCom hapa Mlimani si moja. Kuna ya uhasibu, kuna ya fedha, ya masoko, ya rasilimali watu, ya benki na huduma za fedha, ya utalii na ukarimu. Mzumbe nao wana shahada ya uhasibu na fedha, BAF, yenye mikondo miwili: sekta ya biashara na sekta ya umma. Pembeni wana BBA za masoko, za ununuzi na ugavi, za ujasiriamali. Kijana alipoomba alijaza nyingi, kama tulivyojaza sote, na mfumo ukampangia palipobaki nafasi kulingana na ufaulu wake. Ndiyo maana mara nyingi anayetaka uhasibu anajikuta kapata rasilimali watu Mlimani na BAF Mzumbe. Hapo ndipo jibu letu la sekunde tano linapofanya madhara. Tunamwambia njoo Mlimani, naye anaacha alichokitaka ili apate geti la kupigia picha.

Mtu anaweza kuniuliza, kuna tofauti gani, si yote ni biashara? Tofauti ipo NBAA. Bodi ya wahasibu haisomi jina la chuo chako ikatabasamu. Inaangalia umesoma nini. Mwenye shahada ya uhasibu anaingia kwenye mitihani ya CPA ngazi ya kati. Aliyesoma shahada nyingine, hata kama ni ya biashara na hata kama GPA yake inang'aa, anaanzia ngazi ya msingi. Mitihani ni Mei na Novemba, na kila karatasi la ziada lina ada yake na miezi yake. Mtu aliyekuja Mlimani kusoma rasilimali watu kwa sababu ya jina, halafu akaamua bado anataka CPA, anaanza chini ya yule mwenzake aliyeko Mzumbe akisikiliza vyura usiku. Na wakikaa ukumbi mmoja wa mtihani, msahihishaji anaona namba tu ya mtahiniwa. Hajui nani alitoka kilimani na nani alitoka chini ya Uluguru.

Kwa wa ununuzi na ugavi ni hivyo hivyo, ila bodi yao ni PSPTB. Na kwa wanaolenga serikalini, fungua tangazo lolote la nafasi za mhasibu kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Utakuta wanataka shahada ya uhasibu, au ya biashara iliyojikita kwenye uhasibu, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, au CPA. Hakuna mstari unaosema Mlimani watangulie. Baada ya hapo ni usaili wa kuandika, ukumbi mzima, na huko ndiko watu huchujwa kwa mamia.

Sisemi jina halina kazi kabisa. Kwenye benki kubwa na kwenye kampuni za ukaguzi zilizoko Dar, wapo mabosi waliosoma hapa ambao wakiona UDSM wanakumbuka ujana wao. Hilo lipo, na sitajifanya halipo. Lakini litampeleka mtu hadi kuitwa usaili, na pengine mara moja. Haliwezi kumpatia ngazi ya kati ya CPA.

Tuje kwenye kitanda. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia na ndipo tunapoona aibu kusema.

Kozi za biashara haziko kundi la mbele la vipaumbele vya Bodi ya Mikopo. Watangulie wa afya, wa uhandisi, walimu wa sayansi. Ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 nao ni wa waliofaulu sana tahasusi za sayansi, kwa hiyo mtoto wa ECA mwenye daraja la kwanza pointi tatu anausoma tu gazetini. Mwaka huo huo kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na tulishangilia. Sawa. Lakini si kila mtu anapata kiwango chote, na wa kwetu wengi wanapata kipande, au hawapati kabisa.

Chukulia kijana amepata nusu. Bumu la siku 60 kwake ni 300,000. Amekosa bweni. Mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yana nafasi 3,840, na ukijumlisha Mabibo na majengo ya zamani bado vitanda havitutoshi, chuo ni cha watu makumi ya elfu. Basi anatafuta chumba Msewe au Changanyikeni. Chukulia kimepatikana cha 80,000 kwa mwezi na wamegawana wawili, kwa hiyo kwake ni 40,000. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, kama walivyo wenye nyumba wa Dar. Hiyo ni 240,000 imeondoka siku ya kwanza. Imebaki 60,000. Kama chumba kiko mbali kidogo na anapanda daladala moja kwenda na moja kurudi, nauli 600, siku tano za wiki, kwa wiki nane ni 48,000. Kimebaki 12,000 cha kula siku sitini. Shilingi mia mbili kwa siku. Godoro hujanunua, ndoo hujanunua, madesa hujatoa nakala.

Utasema, atatumiwa na nyumbani. Nyumbani ndiko kulikopimwa na Bodi ikaonekana kunaweza kuchangia nusu, na wewe na mimi tunajua kipimo hicho na hali ya shambani havifanani kila mwaka. Utasema, atabebwa. Ndiyo, kubebana kupo, na nawaheshimu wote wanaowabeba wenzao kwenye kitanda cha futi mbili na nusu. Lakini huwezi kumshauri mtu aje chuo kwa mpango wa kubebwa na mtu ambaye bado hajamfahamu.

Au utasema, ana mjomba Dar. Hili la mjomba tulizungumze vizuri. Mjomba anakaa Chanika au Mbagala au Gongo la Mboto. Kijana anaamka saa kumi na moja alfajiri, anachota maji kwanza maana si mgeni tena, anabadilisha magari mawili, anafika kipindi cha saa mbili kimeshaanza. Jioni wenzake wanabaki kwenye vimbweta kupiga msuli, kazi ya kikundi inagawanywa, yeye anawahi gari kabla ya foleni. Akichelewa kurudi, shangazi ananuna. Umeme ukikatika hasomi. Miaka mitatu. Halafu huyo ndiye tunayemwambia "Mlimani utapata koneksheni". Koneksheni hupatikana kwa kukaa na watu, jioni, wikiendi, kwenye mabishano ya saa nne usiku. Yeye saa nne usiku anaosha vyombo Chanika.

Kwa mabinti kuna hesabu nyingine ambayo huwa tunaipunguzia sauti. Binti aliyekosa kitanda na pesa ya chumba hakosi watu wa kumsaidia kulipa. Tusijifanye hatujui geto la Sinza linalolipiwa na mtu mzima mwenye gari linaanzaje. Linaanza na 240,000 iliyokosekana mwezi Oktoba. Simnyooshei kidole binti yeyote. Nawanyooshea kidole wanaomtuma mtoto wa miaka kumi na tisa mjini bila pa kulala kwa sababu "jina la Mlimani ni kubwa", halafu baadaye wanamsema.

Mzumbe nako si kwamba kila mtu anapata bweni. Wapo wanaopanga Changarawe, kijijini pale jirani na chuo. Ila wanatembea kwa miguu kwenda darasani, na bei ya chumba kijijini na bei ya chumba Msewe si ndugu. Mboga za Uluguru zinashuka mlimani asubuhi. Huko hakuna sehemu nyingi za kwenda kutumia pesa, na hili mwanafunzi wa mkopo nusu anapaswa kulihesabu kuwa ni ufadhili.

Nimesema vya kutosha upande mmoja. Mlimani ina kitu ambacho Mzumbe haina, na wala si jina. Ni watu wasiosoma biashara. Hapa mtoto wa masoko anakaa meza moja ya chakula na mtu wa uhandisi anayetengeneza mashine ya kukamua mafuta, wa sheria yuko jengo la pili, na watoto wa kompyuta wako Kijitonyama. Kama una kichwa cha kufanya biashara yako mwenyewe, hii ni hazina, kwa sababu biashara nyingi mpya zinakufa kwa kukosa mtu wa kutengeneza kitu, wakati za kuuza mdomo zipo tele. Ongeza kwamba unapanda mwendokasi Ubungo ukashuka Gerezani uko Kariakoo, ambako kuna somo la bei, mikopo ya mdomo na mzunguko wa mzigo ambalo hakuna mhadhiri anayelifundisha vizuri kuliko Mchaga mmoja na Mkinga mmoja wenye maduka yanayotazamana. Makao makuu ya CRDB na NMB yako mjini hapa, Soko la Hisa liko hapa, bandari iko hapa. Kijana mwenye mishe anaweza kuuza mitumba ya Karume kwa wanachuo wenzake na kujilipia chumba. Mzumbe soko lake ni wanachuo wale wale wenye bumu lile lile siku ile ile.

Kwa hiyo anayekwenda kwenye masoko au ujasiriamali, mwenye kitanda cha uhakika Dar (mzazi anaishi Ubungo au Kimara, au mkopo wake ni kamili), huyo sioni sababu ya kumpeleka Morogoro. Aje. Lakini aje atumie kinachomleta. Wapo tunaomaliza miaka mitatu hapa bila kuwahi kuongea na mtu wa uhandisi zaidi ya kumwomba chaja.

Kuhusu fildi, hoja ya Dar ni dhaifu kuliko inavyosikika. Mafunzo kwa vitendo hufanyika likizo ndefu, na hakuna anayemzuia wa Mzumbe kuja kufanyia Dar au kurudi kwao. Tena ukiwa makao makuu ya shirika kubwa mwezi Agosti, uko na wenzako kumi na tano mnaogombania kiti na kutumwa nakala. Nenda idara ya fedha ya halmashauri yenye wahasibu wachache uone kama hutashika hati za malipo siku ya tatu. Kwa aliyesoma mkondo wa sekta ya umma, hilo ndilo darasa lenyewe.

Na umbali wenyewe umepungua. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inapiga Dar hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, ikianza kwa nauli ya 13,000 daraja la kawaida. Ukishuka Morogoro bado una kipande cha barabara ya Iringa mbele yako, usisahau kukihesabia nauli. Ila zile siku za kusema mtu wa Mzumbe hawezi kuja kuhudhuria usaili Dar akarudi, zimepita.

Mzumbe ina udhaifu wake na kijana aambiwe. Upweke upo, hasa kwa aliyekulia mjini. Usiku ni usiku kweli. Ukigombana na mtu wa kozi yako utakutana naye dukani, kwenye mgahawa, kanisani au msikitini, na tena dukani. Mazungumzo yanazunguka uhasibu, utawala, sheria, uhasibu. Mtu wa fasihi au wa fizikia wa kukuvuruga akili humpati kirahisi. Kuna watu wanahitaji kuvurugwa akili, na hao ningewasukuma huku hata kwa taabu kidogo. Siyo wote.

Kwa hiyo akikupigia, usimjibu. Muulize. Kwanza akusomee jina kamili la programu alilopewa kila chuo, neno kwa neno, siyo "biashara". Anataka kuwa nani, na bodi ya taaluma hiyo inampokea akitokea programu ipi? Halafu muulize kuhusu kitanda: amepata kiasi gani kutoka Bodi, au anategemea nani, na huyo nani ameulizwa? Usikubali jibu la "Mungu atasaidia", hata kama wewe mwenyewe ndivyo ulivyokuja. Mwambie aombe bweni siku dirisha la maombi linapofunguliwa, chuo chochote atakachochagua. Na kama ameshathibitisha kwa pupa, dirisha likiwa bado wazi aulize utaratibu wa kubadilisha mapema. Uhamisho wa baadaye kutoka chuo kimoja kwenda kingine upo, lakini una masharti, nafasi ziwepo na sifa za programu ile awe nazo. Asiutegemee kama basi la pili.

Msimu uliopita nilipigiwa na mtoto wa shangazi yangu kutoka Makambako. Alipata BCom ya rasilimali watu hapa na BAF ya sekta ya umma Mzumbe. Anataka kuwa mkaguzi wa hesabu, amelisema hilo tangu kidato cha pili. Baba yake anauza mbao na mwaka ule zilikuwa haziendi. Tuliongea dakika arobaini, akaishiwa salio, nikampigia mimi. Kilichomzuia hakikuwa programu wala pesa. Aliniambia, "Kaka, huku watasema nimeshindwa Mlimani." Nikamwambia awaoneshe ujumbe wa Mlimani wenye jina lake, wausome wote, halafu aufunge. Alithibitisha Mzumbe ikiwa imebaki siku moja.

Jioni baba yake alinipigia. Aliuliza kama Mzumbe ni chuo kikuu kweli au ni chuo tu. Nikamwambia chuo kikuu, tangu 2001, na aliyekuwa mweka hazina wa wilaya yao huenda alisoma hapo hapo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yule aliyejenga kule juu?" Nikasema huenda. Shangazi akachukua simu, yeye alikuwa na swali moja: kuna baridi, amfungashie mablanketi mangapi? Nikamwambia kwa mtu wa Makambako, moja linatosha.